Babu Hakuwa na Sanduku la Posta

Mwaka uliopita nilimsindikiza ndugu yangu mdogo kwenda kutafuta kitambulisho. Alikuwa ametimiza miaka 18, amenyoa, amevaa shati la kanisani, ameshika fomu kama mtu aliyeshika yai. Tulipiga foleni tangu saa moja asubuhi. Saa sita hivi tukafika mbele ya karani.

"Kabila?"

"Mmisheni," ndugu yangu akajibu, vile tulivyofunzwa nyumbani.

Karani akainua macho, akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka aliyepata kitu kidogo cha kumchangamsha. "Mmisheni si kabila, kijana. Hilo ni jambo la kanisa. Babu yako alikuwa mtu wa wapi?"

Tukaeleza. Freretown, Mombasa, upande wa Kisauni, pale Kengeleni. Babu wa babu aliteremshwa pale kutoka kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa baharini na manowari ya Waingereza. Alikuwa mtoto. Alikotoka hakukujua vizuri, pengine ni Uyao, pengine ni Nyasa. Akabatizwa, akapewa jina, akaanza maisha upya.

Karani akasikiliza yote hayo, kisha akasema kwa upole, "Nisaidieni niwasaidie. Andikeni Mgiriama tumalize. Kuna watu nyuma yenu."

Wagiriama ni majirani zetu na wakwe zetu, sina neno nao. Lakini sisi si Wagiriama. Tukakataa. "Basi leteni karatasi ya babu," akasema. "Kitambulisho chake, hati ya shamba, kitu chochote cha zamani chenye jina lake na mahali alipoishi."

Wiki iliyofuata tukarudi na mkebe wa biskuti wa nyanya. Ndani yake kulikuwa na bahasha ya mwaka 1956, stampu ina twiga na kichwa cha Malkia, mhuri wa duara wa Mombasa umepita juu ya shingo ya twiga. Jina la babu liko pale limeandikwa kwa wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyefunzwa kuandika kwa kiboko. Karani akaigeuza mara mbili. "Hii ni bahasha," akasema. "Bahasha si hati." Halafu akaonyesha kwa kalamu. "Na hata hili sanduku si lake. Ni la kanisa."

Alikuwa sahihi. Babu hakuwa na sanduku la posta. Na hicho ndicho kinachonikera hadi leo: serikali inamwambia mjukuu alete anwani ambayo serikali yenyewe haikumpa babu.

Najua wengi wetu tunaiona Posta kama kitu cha wazee. Ni pale unapopita ukienda kushika matatu, ni jengo lenye vijisanduku vya chuma vilivyoshika kutu, ni S.L.P. unayobuni ukijaza CV kwa sababu fomu imeikazania. Pesa tunatuma kwa M-Pesa. Barua tunaita meseji. Tumesoma habari za wafanyakazi wa Posta wakilalamikia mishahara, tukasikitika kidogo, tukaendelea kuskroli. Sawa. Lakini kabla hatujaizika, tuulize imebeba nini ndani. Madaftari ya Posta ndiyo kumbukumbu ya karibu kabisa tuliyonayo ya swali moja ambalo nchi hii haijaacha kuliuliza: nani anahesabika kuwa mtu wa mahali fulani?

Fikiria jinsi barua zilivyofika hapa kwetu. Kenya haikuwahi kuwa nchi ya tarishi kugonga mlango kila nyumba. Tangu mwanzo mpango ulikuwa ni sanduku: unakodi kijisanduku katika ofisi ya posta, unapewa ufunguo, na namba ile inakuwa ndiyo wewe. Fungua Gazeti Rasmi la Serikali la Ijumaa yoyote ile. Mtu amepoteza hati ya shamba, mtu anataka kurithi mali ya marehemu, na kila mara jina linafuatwa na sanduku la posta. Fulani bin fulani wa S.L.P. kadhaa, Nakuru. Kisheria na kiserikali, mtu wa Kenya ameishi ndani ya kijisanduku cha chuma kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa, nani alikuwa na ufunguo? Mlowezi alikuwa nao. Misheni ilikuwa nao. Mwenye duka alikuwa nao, na mkuu wa wilaya, na baadaye shule. Wengine wote walikuwa "kupitia kwa". Kupitia kwa mwalimu mkuu. Kupitia kwa padri. Kupitia kwa duka la Mhindi. Kupitia kwa chifu. Kupitia kwa Bwana Fulani, mwenye shamba ambalo baba yako alikuwa skwota. Ukiwauliza wazee wa popote nchini watakusimulia kitu kile kile: Ijumaa gwaride la shule, mwalimu ana rundo la barua mkononi, anaita majina, au Jumapili baada ya ibada, mzee wa kanisa amesimama mlangoni. Jina lako likiitwa unakwenda mbele, watu wote wanakutazama, na wanajua umeandikiwa kutoka wapi kabla hujaipasua bahasha. Na ukikosana na mwenye ufunguo, barua yako inalala.

Maneno hayo mawili, "kupitia kwa", ni ramani nzima ya mamlaka. Yanaonyesha ni nani aliyesimama kati yako na dunia.

Ndiyo maana nasema rekodi za posta zisomwe, na zisomwe kwa jicho kali. Wako wanaozisoma kama kitabu cha kweli: ofisi ilifunguliwa siku fulani, basi mahali pale palianza siku hiyo. Huo ni uongo, na tunauishi.

Chukua Eldoret. Kufikia mwaka 1910 kulikuwa na ofisi ya posta kwenye Shamba namba 64, katika nchi iliyogawiwa Makaburu waliokuja kwa magari ya ng'ombe kutoka Afrika Kusini, kundi kubwa likifika mwaka 1908. Mji ukaitwa Sikstifoo kabla ya kuitwa Eldoret mwaka 1912, na wenyeji wakalitafuna neno hilo hadi likawa Sisibo. Hadi leo kuna wazee wanaosema wanaenda Sisibo. Mwaka 2024 Eldoret ikatunukiwa hadhi ya jiji, na hadithi iliyosimuliwa ni ile ile: palianza na posta, kwenye shamba la mzungu.

Palianza? Neno Eldoret lenyewe lina asili ya Kimaasai. Uasin Gishu ni jina la Wamaasai walioishi pale. Kabla yao kulikuwa na watu wanaokumbukwa kwa jina la Sirikwa, na mashimo yao ya kufugia ng'ombe bado yanaonekana kwenye nyasi ukijua pa kutazama. Na miaka mitano tu kabla ya posta ile, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na kapteni wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, alipokuja kwa mazungumzo ya amani. Baada ya hapo Wanandi wakasukumwa kwenye eneo walilotengewa, na nchi iliyobaki ikawa namba. 64 ni moja tu ya namba hizo. Kwa hiyo rekodi ya posta ya Eldoret haituonyeshi mwanzo wa mahali. Inatuonyesha siku ambayo watu wa kwanza walishafutwa na wengine wakapewa ufunguo. Na hao wengine nao, Makaburu wenyewe, karibu wote waliondoka uhuru ulipokaribia. Nao wamekuwa jamii iliyosahaulika. Posta ilibaki, watu wakabadilika.

Au chukua Lumbwa. Tafuta leo kituo cha reli kinachoitwa Lumbwa, hukipati, kinaitwa Kipkelion. Lakini bahasha za zamani zenye mhuri wa LUMBWA zipo, na wazungu wanaokusanya stampu wananunuliana. Lumbwa ni jina ambalo wakoloni waliwabandika Wakipsigis. Walilichukua kwa Wamaasai, na halikuwa jina la heshima. Hawakujiita hivyo. Hebu fikiria kila barua inayoingia na kutoka kwenu ikipigwa mhuri wa tusi. Na ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho miongoni mwa Wakipsigis, mwaka 1934 ulitungiwa sheria mahsusi na ukahamishwa mzima mzima hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, kwenye mbung'o na malaria. Wazee, watoto, wote. Wazao wao bado wanapigania haki. Mwaka 2022 wao na Wakipsigis wenzao waliifikisha kesi hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mhuri unakuambia treni ilipita Lumbwa siku fulani. Haukuambii nani alibebwa kwa lazima.

Twende pwani, nikokujua zaidi. Wapenzi wa stampu duniani wanaijua Lamu kwa sababu moja: Wajerumani walifungua ofisi ya posta pale tarehe 22 Novemba 1888, wakaifunga tarehe 31 Machi 1891. Miaka miwili na miezi minne tu. Bahasha iliyopita pale ni dhahabu kwa mkusanyaji. Ukiwasikiliza utadhani kabla ya 1888 Lamu ilikuwa haijui barua ni nini. Wee! Watu wa pwani walikuwa wakiandikiana barua kwa hati za Kiarabu vizazi na vizazi. Miongoni mwa barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana ni zile za Kilwa za mwaka 1711, ambazo leo zimehifadhiwa Goa. Jahazi lilikuwa posta. Nahodha alikuwa tarishi.

Na kwa nini Mjerumani alihitaji posta Lamu? Kwa ajili ya Witu, bara kidogo tu, ambako Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, alikuwa amekimbilia na kuomba ulinzi wa Ujerumani asimezwe na Zanzibar. Sasa jiulize Witu waliishi akina nani. Kulikuwa na Wanabahani kutoka Pate, ndiyo. Lakini nguvu ya Witu ilikuwa watoro: watumwa waliotoroka mashamba ya Lamu, Malindi na kwingineko, wakajenga vijiji msituni, wakalima, wakashika silaha. Hao ndio mababu wa uhuru wa nchi hii kabla neno "uhuru" halijaandikwa kwenye bango lolote. Julai 1890 Wajerumani na Waingereza wakabadilishana maeneo kwa mkataba, Witu ikaenda kwa Mwingereza. Septemba Wajerumani kadhaa wakauawa pale, na Oktoba Admirali Fremantle akaja na wanajeshi wake akauchoma mji. Stampu za Witu zipo kwenye albamu Ulaya. Bahasha za Lamu zipo. Barua ya mtoro hata moja? Nani angempa mtoro sanduku? Sanduku ni anwani, na mtoro ambaye anwani yake inajulikana anarudishwa kwa minyororo. Ukimya wao katika madaftari haukutokana na kutokuwepo. Ulikuwa ndio ulinzi wao.

Hapo ndipo ninapotaka mtu wa kamati ya kupiga msasa anisikilize. Unapomwambia mjukuu wa mtoro, "Leta karatasi ya babu," unamwomba ushahidi kwamba babu yake alikamatwa.

Na Freretown? Misheni ya CMS iliuanzisha mji huo mwaka 1875, ukapewa jina la Bartle Frere. Waliokaa pale walitoka kila upande: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliookolewa utumwani, wakasomeshwa Nasik huko India kisha wakarudishwa Afrika. Hao wa Bombay ndio waliokuwa walimu, mafundi, makatekista. Kengele ya mji ililia kuonya hatari, na ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Kila siku maelfu ya watu wanashuka matatu pale wakisema "Kengeleni, shukisha!" bila kujua wanataja jamii nzima.

Watu hao walijua kusoma na kuandika kabla ya sehemu kubwa ya nchi hii. Walikuwa makarani na wakalimani wa wengine. Walikuwa na barua nyingi sana. Lakini anwani ilikuwa ya misheni, ardhi ilikuwa ya misheni, hata jina la ubini lilikuwa la misheni. Babu alikuwa mtu wa barua asiye na sanduku. Kizazi kikapita, kingine kikapita, Uingereza ikaondoka, na ghafla mtu ambaye serikali ya Uingereza ilimteremsha pale kwa mashua anaulizwa: wewe umetoka wapi?

Hatuko peke yetu. Wanubi waliletwa kama askari wa Mwingereza. Kibera ilitangazwa rasmi kuwa eneo lao la kijeshi mwaka 1918, ekari 4,197. Mwaka 2017 walipopewa hati, ilikuwa ya ekari 288. Wamakonde walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa; ilibidi watembee kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikika. Washona walifika kuhubiri miaka ya 50 na 60, uraia wakapata mwaka 2021. Wapemba, wavuvi ambao wamekuwa wakivua maji haya haya wakati mpaka ulikuwa haujachorwa baharini, walitambuliwa mwaka 2023. Na ndugu zetu wa kaskazini, Wasomali na wengine, walipigwa msasa wa ziada miaka na mikaka hadi Februari 2025 Rais Ruto alipotia saini huko Wajir agizo la kuukomesha. Kila mmoja wa hao aliambiwa wakati fulani alete karatasi. Kila mmoja wao karatasi zake zilikaa kwenye sanduku la mtu mwingine: jeshi, kampuni ya mkonge, kanisa, tajiri wa mashua.

Najua utakachosema. "Hata babu yangu kule Nyeri hakuwa na sanduku. Hata wa Siaya. Wote walipitia shule na kanisa." Kweli kabisa. Tofauti ni kwamba wewe haukuulizwa. Ulipotaja kijiji chenu karani aliandika, akaendelea. Mlima ulikutolea ushahidi. Jina lako la ukoo lilikutolea ushahidi. Sisi tuna bahasha tu.

Mwingine atasema, "Mbona mnang'ang'ania kabila? Si tunataka kumaliza ukabila?" Nami nasema, tumalizeni leo. Futeni hilo swali kwenye fomu, na mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini huwezi kuniuliza swali, ukakataa jibu langu, ukaniandikia lako, kisha ukaniita mkabila.

Na yule wa tatu, huyu namheshimu kidogo, atasema hizi rekodi ni za mkoloni, ziungue zote. Hapana, buda. Ziungue halafu tubaki na neno la nani? Daftari la mkoloni linatufaa kwa sababu lilijiandikia lenyewe dhambi zake. Lina pengo mahali tulipo, na pengo likipimwa vizuri lina umbo la mtu. Ukiona sanduku moja la shule limetumiwa na familia 200, umeona kijiji ambacho hakikuwekwa kwenye ramani. Ukiona ofisi ya posta imefungwa ghafla, uliza watu walienda wapi.

Wanaofanya kazi hiyo kwa sasa wengi wao hawako hapa. Kuna wazee Uingereza wenye vikundi vyao vya wakusanyaji ambao wanajua kila mhuri uliowahi kugongwa Kenya, ofisi ipi ilifunguliwa lini, herufi ipi ilivunjika. Kazi yao ni ya bidii, nami nimeitumia. Lakini wao wanahesabu meno ya stampu. Jina lililoandikwa kwenye bahasha kwao ni doa linalopunguza au kuongeza bei. Kwetu jina ndilo lenye thamani. Ajabu ni kwamba tulikuwa na mtu wetu aliyelielewa hili mapema: Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, mwana wa baba Mgoa na mama Mmaasai. Alikusanya vitabu, sanaa na hata stampu, na mkusanyo wake uko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo ambalo wewe hulitumia kama mahali pa kukutania na msee ukiwa tao. Mara ngapi umesema "tupatane Archives"? Mara ngapi umeingia?

Kwa hiyo nina madai, na nayasema bila kupindapinda.

Kwanza, tawi la posta likifungwa, madaftari yake yaende kwenye hifadhi ya taifa. Namaanisha daftari la waliokodi masanduku, la barua za rejista, la hawala za fedha. Yasiende stoo, yasiende kwa mwenye kununua karatasi kwa kilo. Jengo linaweza kuuzwa. Daftari si mali ya anayeuza jengo. Na yaliyopo sasa yatangazwe hadharani yako wapi, ili mwananchi aende ayasome.

Pili, ofisi za usajili ziipokee bahasha. Mhuri wa posta ni alama ya serikali yenye mahali na tarehe, iliyogongwa na mfanyakazi wa serikali, juu ya jina la mtu aliyekuwa akiishi hapa. Kama huo si ushahidi, ushahidi ni nini? Pamoja nayo, kipokelewe kitabu cha ubatizo, rejista ya shule, kitabu cha akiba cha Posta. Benki ile ya akiba imekuwepo tangu 1910. Kuna watu ambao kitabu chake ndicho karatasi pekee waliyowahi kumiliki yenye majina yao yote matatu. Asiyekuwa na chochote kati ya hivi asikilizwe kwa mdomo, na majirani zake wasikilizwe, kwa sababu si kosa lake.

Tatu, na hili ni letu, mimi na wewe, wala tusingoje serikali. Ukienda nyumbani Desemba, kabla hujalala na simu usoni, omba mkebe. Kila nyanya ana mkebe: wa biskuti, wa Kimbo, sanduku la bati chini ya kitanda. Piga picha bahasha, mbele na nyuma, maana nyuma ndiko mihuri ya njiani ilikogongwa. Kisha uliza maswali matatu. Sanduku hili lilikuwa la nani? Nani mwingine alilitumia? Na ufunguo ulikuwa na nani? Andika majibu kwa jina na kijiji. Baada ya hapo fungua matoleo ya zamani ya Gazeti Rasmi, yameskaniwa tangu la mwaka 1899 na unayasoma bure kwenye simu hiyo hiyo, utafute posta ile ilifunguliwa lini na iliitwaje wakati huo. Utashangaa. Utakuta kijiji chenu kilikuwa na jina jingine, na majirani ambao hakuna anayewataja siku hizi. Waliondoka, au waliondolewa, au walibadilisha jina ili wapate amani.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike. Jamii hazisahauliki zenyewe kama maji yanavyokauka. Zinasahaulishwa, fomu moja baada ya nyingine, na makarani waliochoka ambao hawana nia mbaya na wana foleni ndefu.

Ndugu yangu alipata kitambulisho chake miezi mingi baadaye. Alihitaji kazi, na kazi haisubiri historia. Kadi yenyewe haina kabila, ina picha yake tu akiwa amenuna. Lakini fomu iliyobaki ofisini inalo, na palipoulizwa kabila mtu fulani ameandika, kwa mwandiko ambao si wa ndugu yangu, "Mgiriama".

Hiyo sasa ndiyo rekodi. Miaka 100 ijayo mtu atakayetafuta Wamisheni wa Freretown atafika kwenye jina letu na kukuta si sisi. Nyanya alipoambiwa hakusema kitu. Aliirudisha bahasha mkebeni, akafunika. Kesho yake alinipigia simu asubuhi na mapema, akaniambia nichukue kalamu. Akaanza kunitajia majina ya watu wote waliokuwa wakipokea barua kupitia sanduku lile la kanisa. Alianzia nyumba ya karibu na kengele. Tumefika jina la 43, na bado hajavuka barabara.